Matunzo Yenye Pembe

Kama kuna mtu asiyemjua Magdalena pale Mikumi, basi huyo hajawahi kushuka basi akiwa na njaa. Banda lake la chakula liko kando ya barabara kuu, pale malori ya Tunduma yanapopumzika, na sauti yake humfikia mteja kabla ya harufu ya chapati zake. Ni mwanamke wa kucheka kwa nguvu na kukasirika kwa nguvu. Katikati ya hayo mawili hana kituo.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshafanya yote mawili kabla chai ya kwanza haijachemka. Alicheka na kupiga vigelegele mpaka dereva mmoja akajimwagia uji, kwa sababu binti yake mkubwa, Naomi, alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni ya wasichana huko Songea. Kisha Naomi akamsomea kwenye simu vitu vinavyotakiwa: godoro, mashuka, ndoo, sare, sweta, viatu, fyekeo, jembe.

"Jembe!" Magdalena akaruka. "Wanakuita kusoma au kulima?"

"Na nauli, mama."

"Nauli naijua. Songea hakuendwi kwa miguu."

Akageuza chapati kwa hasira, ikaungua, akaila mwenyewe. Watoto wake walikuwa watatu. Naomi alikuwa na miaka kumi na saba. Seleina alikuwa darasa la nne, na Ntutu ndiyo kwanza ameanza la kwanza, anamaliza penseli kwa kuzitafuna. Hao wawili wadogo baba yao ni Saning'o, Mmasai mwenye boma lake kule Zombo, aliyekuwa mume wa Magdalena mpaka mwaka juzi. Waliachana kwa sababu za watu wazima wawili, na sisi hatuna haja ya kuzifukunyua. Naomi yeye alizaliwa kabla ya ndoa ile. Baba yake alikuwa utingo wa lori, aliyeaga kwamba anafika Tunduma mara moja na kurudi. Hadi leo yuko njiani.

"Nenda ustawi wa jamii," alisema Natalia, muuza ndizi wa meza ya jirani, ambaye ushauri wake huwa hauombwi wala haulipiwi. "Saning'o kiangazi chote alikuwa kusini na mifugo, hujaona hata kwato. Sasa karudi. Mbane atoe matunzo."

"Nitakwenda. Wanawe wana haki yao."

"Wanawe wawili," Natalia akakazia. "Naomi usimtaje, shoga yangu. Ukimtaja yule baba atakuumbua palepale. Atasema, huyo si damu yangu, katafute aliyekuzalisha. Uso utauficha wapi?"

 Hilo ndilo lililokuwa likimkaa Magdalena rohoni siku nyingi. Zamani, walipokuwa pamoja, Saning'o hakumbagua Naomi hata kwa kikombe cha maziwa. Lakini ndoa ikishakufa, baba wa kambo naye si anazikwa nayo? Nani atamdai mtu matunzo ya mtoto asiyemzaa?

"Wa kwangu nitambeba mwenyewe," akasema. "Kama nilivyomzaa mwenyewe."

Naomi alikuwa nyuma ya banda akisugua masufuria kwa majivu. Alisikia kila neno, akaendelea kusugua.

*

Afisa ustawi alikuwa kijana anayeitwa Urbanus, mpole, mwenye tai iliyombana koo. Saning'o alifika kwa wakati, amejifunga shuka jekundu lililofuliwa, fimbo mkononi, simu kubwa ikining'inia kiunoni.

"Shikamoo, mzee," Urbanus akaamkia.

"Marahaba, kijana." Akamgeukia Magdalena. "Habari ya siku nyingi, Mama Naomi. Watoto hawajambo?"

"Wangekosaje ujambo na wanakula hewa?"

Urbanus akakohoa, akashika kalamu. "Karibuni wote. Tutaongea kama familia, hapa hakuna ugomvi. Mzee, mmejaliwa watoto wangapi na huyu mama?"

Saning'o akatazama dirishani. Urbanus akangoja. Akauliza tena, polepole, akidhani mzee hasikii vizuri. Saning'o akatazama dirishani zaidi.

"Usimngoje, mwanangu, utazeekea kwenye hicho kiti," Magdalena akasema. "Kwao watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe. Ni mwiko, wanasema unawaitia balaa. Nimekaa naye miaka yote ile, sijawahi kumsikia akitaja idadi ya chochote kinachopumua. Niulize mimi. Wawili. Seleina na Ntutu."

Saning'o aligeuka kutoka dirishani. "Umesema nani na nani?"

"Seleina na Ntutu. Au na hao nao hukuwazaa?"

 Mzee wa watu akasimama, akaweka shuka lake vizuri begani. "Kijana, mimi hilo sikubali."

"Hukubali kutunza watoto, mzee?" Urbanus akashangaa.

"Sikubali alichokisema huyu mama. Amenitukana mbele yako, na mimi sijamtukana. Akijua alichosema, atakuja kuniambia." Akatoka, fimbo ikigonga sakafu, akawapita kina mama waliokaa kwenye benchi la nje wakisubiri zamu zao.

Lo! Magdalena alimfuata hadi mlangoni na maneno ambayo hapa hayaandikiki. Alimwita mchoyo. Alimwita mkimbia damu yake. Alisema ng'ombe zizini wanajaa hadi wanakanyagana huku watoto wanakula ukoko. Alipoishiwa pumzi ndipo akayaona macho ya lile benchi zima yamemtulia usoni, na aibu ikamshika miguu.

"Pole, mwenzangu," mama mmoja akamfariji. "Wako katoka mlangoni. Wa kwangu alirukia dirishani."

Urbanus akamwahidi kwamba watampa mzee nafasi hadi wiki ijayo, na asiporudi shauri litapelekwa mahakamani Kilosa. Magdalena akashukuru. Kilosa! Nauli ya kwenda na kurudi, siku ya biashara imepotea, na hakimu naye atasema njoo mwezi ujao. Alirudi bandani akiwa amechoka kuliko siku aliyokodi shamba la mpunga akalipalilia peke yake.

*

Jioni wakati wa kula, alimwaga yote. Seleina akauliza kama baba amewakataa kweli. Ntutu akauliza kama mahakamani wanauza soda.

"Mama," Naomi akasema, akimwongezea Ntutu maharage kutoka kwenye sahani yake. "Shule niache tu. Mimi na wewe tukisukuma chapati pamoja, hawa watakula na kuvaa. Kusoma hata mwakani kupo."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayependekeza kununua chumvi. Magdalena alitaka kusema hapana. Alifungua mdomo aseme, nani kakwambia, utakwenda Songea hata kama nitauza mabati ya paa.  Lakini alikuwa ameshapiga hesabu zake zote, na katika kila hesabu Naomi ndiye aliyebaki nje. Akasema tu, "Kuleni, chakula kinapoa." Akajichukia kwa hilo kuliko alivyomchukia Saning'o.

Kesho yake Naomi akajifunga kitenge, akashika mti wa kusukumia chapati. Na mtoto alijua kazi! Chapati zikatoka laini, za duara, zinachambuka zenyewe. Madereva wakasifia. "Mama, huyu binti usimwachie, umepata msaidizi!" Magdalena akacheka nao, na kila sifa ikamchoma kama mafuta ya moto. Wasichana waliomaliza na Naomi walipita wakielekea kununua magodoro yao, wakamwita kwa furaha, naye akawapungia mkono wenye unga.

*

Jumamosi, kwanza zilisikika honi.

Si honi moja, ni honi za barabara nzima, malori na mabasi, kama vile kuna harusi ya mkuu wa stendi. Lori la mafuta lilikuwa limesimama, basi la Mbeya limesimama nyuma yake, abiria wametoa vichwa na simu madirishani. Na katikati ya lami, bila haraka yoyote ya kidunia, alikuwa anakuja Saning'o na shuka lake. Nyuma yake alifuata mke wake wa sasa, Nkoile, mtoto mchanga mgongoni na kijiti mkononi. Mbele yao walikuwa ng'ombe. Wangapi? Tusiwahesabu, mwenyewe hapendi. Walikuwa wametoka Zombo tangu jana, wakalala njiani, na sasa walikuwa wanaitazama Mikumi kwa dharau.

Mmoja wao, mwekundu mwenye ndama anayemfuata, akaona meza ya Natalia.

"Ndizi zangu! Jamani ndizi zangu! Anakula na maganda!" Natalia akapiga kelele, akivuta mkungu upande huu, ng'ombe akiuvuta upande ule.

"Mzee!" akaita askari wa barabarani, jasho linamtoka. "Toa wanyama kwenye lami!"

"Tumefika, afande," Saning'o akamtuliza. "Nyumbani ni hapa."

Magdalena alitoka bandani na upawa wa maharage mkononi. "Saning'o! Ndiyo jibu lako kwa ustawi? Umekuja kunifungia biashara?"

Saning'o hakumjibu. Aliita, "Seleina!" Mtoto akaja mbio, kisha akakumbuka adabu, akainamisha kichwa mbele ya baba yake. Saning'o akamgusa utosini. "Huyu mwekundu ni wako. Na ndama wake. Sasa hivi anakula ndizi, lakini kwa kawaida ana tabia nzuri."

Watu wakacheka. "Ntutu!" Ntutu akaja na kichwa kikiwa kimeshainama tangu mbali, nusura agonge nguzo. Akaguswa. "Huyu wa mabaka ni wako. Usimkimbize, ana mimba."

Kisha akageukia banda, akainua sauti kidogo. "Naomi!"

Naomi alikuwa kwenye kibao cha chapati, mikono imejaa unga. Hakusogea. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa amesimama na upawa hewani, mchuzi unamdondokea mguuni bila habari.

"Naomi naye amekufanya nini?" Magdalena akauliza.

"Naomi," Saning'o akarudia.

Msichana akatoka. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akafika, akasimama. Kisha akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mkono wa yule mzee ukatua utosini pake, ukakaa hapo.

"Yule dume mweusi ni wako," Saning'o akasema. "Ndiye mkubwa kuliko hawa wote, kwa sababu wewe ndiye wa kwanza."

Hata honi zilinyamaza, au labda Magdalena ndiye aliyeacha kuzisikia. "Saning'o," akasema kwa sauti ambayo wateja wake hawakuwahi kuisikia, ndogo. "Naomi si..."

"Si nini? Malizia."

 Nkoile akasogea, akamwamkia Magdalena kama mdogo anavyomwamkia mkubwa. "Shikamoo, dada. Tangu alipotoka ofisini hajala vizuri. Analala, anaamka, anasema, mama yao amenitolea mtoto bomani. Amemtoa mbele ya mtu nisiyemjua. Mimi nikamwambia, badala ya kukaa umenuna, si umpelekee mtoto haki yake? Yule mweusi nimemchagua mimi."

"Ulimleta bomani akiwa mgongoni kwako," Saning'o akasema. "Tulichinja kondoo, akanyolewa, wazee wakambariki, akawa wangu. Ng'ombe akija kwako na ndama, nani anauliza dume lilikuwa la nani?"

"Usinifananishe na ng'ombe mbele ya wateja wangu!"

"Mama, kwa Mmasai huko ni kusifiwa!" akapaza sauti dereva wa lori la mafuta, na barabara nzima ikaangua kicheko, afande naye akiwamo.

Saning'o hakucheka. "Ndoa tuliivunja mimi na wewe, Mama Naomi. Huyu mtoto nani alimvunja?"

Basi hapo Magdalena akakaa kwenye benchi la wateja, akalia. Alilia kwa sauti, kwa aibu na kwa furaha, hakuna aliyeweza kutenganisha. Yeye ndiye aliyeogopa kuumbuliwa, na kwa woga huo akamfuta mwanawe mwenyewe kwa ulimi wake, mbele ya afisa wa serikali. "Nisamehe," akasema. "Nisamehe wewe, Baba Naomi. Na wewe, mwanangu, nisamehe zaidi." Naomi akamkumbatia na unga wake wote. Ntutu alipoona wanalia, akaanza naye kulia, ingawa alikuwa akitazama ng'ombe wake.

Natalia alikuwa wa kwanza kupata fahamu. "Yote mema," akasema, "lakini ndizi zangu zimeliwa na ng'ombe wa nani?"

"Wangu!" Seleina akajibu kwa fahari.

*

Sasa kupendana ni kupendana, na hesabu ni hesabu. Magdalena alipokwisha kufuta machozi, akarudi kuwa Magdalena.

"Ng'ombe hawa nitawaweka wapi? Chini ya kitanda? Watoto hawali pembe, Saning'o. Wanakula kila siku, na daftari linaisha kila mwezi."

"Mimi sina mshahara. Mwezi ukiisha kwangu hauleti kitu."

"Maziwa je, hayaji kila siku?"

Saning'o akafikiri. Nkoile akacheka chinichini, maana ndilo alilokuwa amelisema njia nzima. Wakapatana palepale, juu ya sahani za wali maharage ambazo Magdalena alikataa kulipwa. Ng'ombe wa watoto watarudi Zombo kuchungwa na wenzao. Kila asubuhi bodaboda atashusha dumu la maziwa bandani. Magdalena atapika chai ya maziwa, ambayo madereva huililia siku zote, mengine atauza mabichi, na faida ni ya matumizi ya watoto.

"Na kiangazi wakikauka?" Magdalena akabana.

"Wa mabaka atakuwa amezaa."

"Na wote wakikauka?"

"Hilo ni langu, si la ng'ombe. Nitauza mbuzi."

"Na ukihamia tena kusini?"

"Nkoile anabaki. Yeye namwogopa kuliko wewe."

Jumatatu walikwenda kwa Urbanus, safari hii pamoja na Naomi. Kijana akahangaika na karatasi zake. Palikuwa na nafasi ya kuandika shilingi kwa mwezi, nafasi ya maziwa haikuwepo. "Andika dumu," Saning'o akamwelekeza. "Hata mahakamani wanakunywa chai." Urbanus akaandika dumu. Akaandika na majina, akianza na la Naomi, na Saning'o akabonyeza dole gumba lake kwa nguvu mpaka wino ukapenya upande wa pili.

*

Lilibaki suala la yule mweusi. Magdalena alisema arudi Zombo na wenzake, shule itajulikana. Saning'o alisema hilo si lake wala si la Magdalena, mali ya mtoto anaisemea mtoto. Wote wakamtazama Naomi.

Naomi alikuwa amekwenda kumwona kila siku nyuma ya banda alipofungwa, akampelekea maganda ya ndizi, akamkuna shingo.  "Nimuuze," akasema. "Niende Songea." Akamtazama Saning'o kwa wasiwasi. "Utakasirika?"

"Kwa nini nikasirike? Ng'ombe hakuwekwa duniani atazamwe tu." Lakini alikuwa mchungaji, na aliyasema hayo bila kumtazama yule mweusi.

Siku ya mnada walikwenda wote, Natalia akiwa amefunga meza yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, kwa madai kwamba anafuatilia fidia ya ndizi. Palikuwa na vumbi, mbuzi, nyama ya kuchoma, muziki wa spika mbili zinazoshindana. Dume mweusi alisimama katikati kama anayejua thamani yake. Wanunuzi wakamzunguka, wakampapasa mgongo, wakamfungua mdomo.

Tajiri mmoja kutoka Morogoro, mwenye tumbo na kofia, akamfuata Saning'o na kumtajia bei.

"Usiniambie mimi," Saning'o akasema, akinyoosha fimbo. "Mwenye mali ni yule."

Tajiri akamtazama msichana aliyevaa sketi ya shule na kandambili, akacheka. "Huyu? Binti, ng'ombe mkubwa namna hii wewe umempata wapi?"

Watu waliokuwa karibu wakageuka kusikiliza. Magdalena akashika mkono wa Natalia. Tangu talaka ile, Naomi hakuwa na jina la kumwita Saning'o. Akizungumza na wadogo zake alisema baba yenu, akizungumza na mama yake alisema yule mzee, na hata wiki hii, baada ya yote yale, alikuwa akimsogelea na kuanza kuongea tu, bila kumwita chochote. Saning'o hakuwahi kumdai amwite baba.

Naomi alimshika yule mweusi pembe.

"Kanipa baba yangu," akasema, kwa sauti iliyovuka spika zote mbili, sauti ya mama yake kabisa. "Na bei uliyotaja haitoshi. Ongeza."

Umati ukapiga kelele za furaha. Magdalena akapiga vigelegele, Natalia akavipokea, Ntutu akaruka juu akidhani wameshinda kitu. Tajiri akavua kofia, akajikuna kichwa, akaongeza. Naomi akatikisa kichwa. Akaongeza tena.

Saning'o hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa amegeukia upande wa pili, shuka amelivuta hadi usoni, anawatazama mbuzi wa watu kwa muda mrefu kuliko mbuzi wanavyostahili kutazamwa.